Mkono Ulionipa Dawa

Jumatatu, 4 Machi

Kliniki leo. Nimekaa kwenye benchi mpaka makalio yamekufa ganzi, halafu nikapewa kikopo na mkojo ukagoma kutoka! Ulipotoka ulichoma kama pilipili. Hapo nikajua hili si "joto la mimba" kama wifi anavyosema kila siku.

Daktari ni binti mdogo, mpole, anayesema neno moja moja kama anayehesabu mayai. Kasema nina yutiai, maambukizi ya njia ya mkojo. Mjamzito haachwi nayo hata kama haimuumi sana, maana hupanda mpaka kwenye figo, na homa ya figo inaweza kuamsha uchungu kabla ya wakati. Kaandika antibayotiki. Nikamuuliza lile ambalo benchi zima lilikuwa likinong'ona: haitamdhuru mtoto? Hakukasirika. Kasema antibayotiki si dawa moja. Zipo za kuepuka ukiwa na mimba. Zipo zinazotia madoa meno ya mtoto, zipo sindano fulani zinazoweza kumgusa masikio. Hii yangu ni ya jamii ya penisilini, wajawazito wameitumia miaka na miaka. Kaniuliza kama kuna dawa iliyowahi kunivimbisha uso au kunitoa vipele. Hakuna. Basi meza, na usiache katikati eti umepata nafuu.

Nimeelewa kwa lugha ya kazi yangu ya ufundi simu. Chaja zote zina waya, zote unachomeka ukutani. Moja inaijaza simu, nyingine inaiunguza. Lazima ujue unachomeka ipi kwenye ipi.

Nyumbani sasa! Wifi aliona bahasha ya dawa mezani akaishika kwa ncha za vidole kama aliyeshika mkia wa panya. Akauliza, hizi ni zile kali? Nikamweleza yote ya daktari. Akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Na mimi niliambiwa na daktari."

Ni kweli aliambiwa. Alipokuwa na mimba ya binti yake alikuwa anaumwa kifua kikuu, akadungwa sindano mfululizo. Mtoto kazaliwa hasikii. Sasa ni msichana mkubwa, yuko shule ya bweni, anaongea kwa mikono haraka kuliko mimi kwa mdomo. Wifi hajawahi kusahau. Nisingesahau hata mimi.

Mume wangu alisimama mlangoni, katoka kuoka mikate kazini, nyusi bado nyeupe kwa unga. Alimtazama dada yake, akanitazama mimi, akaenda kuoga.

Jumanne, 5 Machi

Tumegombana mimi na wifi, kwa adabu, ndiyo ugomvi mbaya kuliko wote. Yeye anasema mtoto wa ndugu yake hatatiwa sumu akiwa anaangalia. Mimi nasema mtoto yuko tumboni mwangu, si mwake. Nilijutia hilo mara tu lilipotoka.

Wifi si mtu wa kubezwa humu. Mama yao alipofariki ndiye aliyemlea mume wangu. Ndiye aliyemvalisha viatu vya kwanza vya shule. Amekuja kukaa nasi kwa sababu mgongo wangu hauwezi ndoo. Ananifulia mpaka chupi! Sitaki kumkosea.

Mume wangu ndiye aliyepata suluhisho. Kasema, wanawake wangu, msiniue kwa presha. Dawa nitaitunza mimi. Nitampa mimi mwenyewe, mkononi, kwa wakati wake. Hakuna wa kumsimanga mwenzake. Akatia bahasha mfukoni.

Mchana kanifuata kibandani na kidonge na chupa ya maji. Vidonge vyenyewe vizuri, nusu nyekundu nusu njano, kama pipi. Nilikuwa nimeinamia simu ya mama mmoja iliyoingia maji. Mama wa watu kamwangalia mume wangu akasubiri nimeze, halafu kasema, "Shemeji, huna kaka?" Tumecheka mpaka skrubu zikanimwagika chini.

Nimeolewa mimi. Wengine wamewekwa tu.

Alhamisi, 7 Machi

Bado inachoma. Labda dawa inachukua muda.

Wifi kapoa ghafla. Hanuni, hasemi kitu kuhusu dawa. Leo kanikanda miguu huku akiniimbia, eti mtoto asikie sauti ya shangazi mapema. Nadhani kakubali. Nilitaka kumwambia asante kwa kukubali, nikaona nisitibue maji yaliyotulia.

Simu nne leo, zote vioo. Watu wanazidondosha kama wanalipwa!

Mtoto anacheza sana upande wa kulia. Mwokaji wangu kaweka shavu tumboni akapigwa teke la wazi. Kasema huyu atakanda unga bila mashine.

Jumamosi, 9 Machi

Sijafungua kibanda. Mgongo, chini ya mbavu, upande mmoja, kama mtu kanichomeka bisibisi akaisahau. Baridi jua likiwa kali. Meno yanagongana.

Nikamwambia mume wangu nirudi kliniki. Kasema nimalize kwanza dozi, dawa ndiyo inapigana na ugonjwa, lazima vumbi litimke. Alisema bila kuniangalia. Jasho lilikuwa linamtoka yeye, si mimi. Kila nikitaja mgongo anakumbuka kitu uani.

Wifi kasema, hii mimba inamsumbua masikini. Kaniletea chai. Kidonge nimemeza nayo, kutoka kiganjani mwa mume wangu. Kiganja chake kilikuwa cha baridi.

Jumatatu, 11 Machi

Hospitali. Siwezi kuandika mengi.

Jana homa ilinipandia mpaka nikaanza kuongea na simu mbovu. Wameniweka maji ya mshipani. Ni figo. Tumbo linakaza na kuachia, linakaza na kuachia. Daktari yuleyule. Kauliza, dawa umemeza? Nikasema yote, bila kukosa hata moja, mume wangu ni shahidi. Mume wangu akasema ndiyo. Wifi alikuwa nyuma yao, anatafuta mahali pa kuweka mfuko.

Daktari kasema basi pengine wadudu wameizoea dawa ile, atabadili, atanipa sindano ya aina nyingine, nayo pia ni salama kwa mimba. Wifi aliposikia neno sindano akapiga kelele wodi nzima ikageuka. "Siyo huyu! Siyo na huyu!" Kajitupa baina yangu na muuguzi kama mtu anayezuia gari.

Daktari kamshika bega. Kamuuliza binti yake alizaliwa lini, alidungwa kwa ugonjwa gani. Kamwambia sindano ile anaijua, kweli huweza kuharibu masikio ya mtoto, na hii si jamii yake, haigusi masikio. "Mama, uliyoyaona ni kweli. Ila hii si ile."

Nikanyoosha mkono wangu mwenyewe. Nikasema, nidungeni.

Jumanne, 12 Machi

Unga wa ngano.

Naandika ili nione kama ni kweli. Unga wa ngano!

Homa imeshuka kidogo. Nilikuwa natafuta kitana kwenye koti la mume wangu aliloniachia kujifunikia. Bahasha ya dawa mfukoni, vimebaki vidonge vichache. Nikavimimina kiganjani bila sababu, mikono yangu haijazoea kukaa bure. Kimoja nikaona kimepinda pale nusu mbili zinapokutana. Kazi yangu ni kufungua vitu vidogo na kuvifunga visijulikane vimefunguliwa. Najua kitu kilichofunguliwa na asiye fundi.

Nikavuta. Nyeupe, laini, ikanishika kwenye jasho la kidole ikawa donge. Nikalamba. Haikuwa chungu. Ilikuwa ladha ya nyusi za mume wangu.

Nikafungua vyote. Vyote!

Daktari alipita jioni akauliza najisikiaje. Nikasema vizuri kidogo. Nilikuwa nimeficha unga chini ya mto kama mwizi ni mimi. Kwa nini nilinyamaza? Aibu. Nitaanzaje kumwambia mtu kwamba mume wangu amenilisha mkate kwa vipande vidogo, huku mtoto wake akitaka kudondoka?

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hawakusema kinakuletea na maji ya kushushia.

Jumatano, 13 Machi

Mume wangu amekuja na machungwa. Nikamnyooshea kiganja, nikamwonyesha. Hakuuliza ni nini. Alikaa.

Nikamwuliza, "Kimoja kimoja?"

Akaitikia kwa kichwa.

"Wapi?"

Kasema kazini, kabla ya kuwasha tanuri. Alivifungua, akamwaga ya ndani, akajaza. Halafu akasema neno ambalo nikifa nitazikwa nalo. Akasema, "Ni unga safi. Ule uliochekechwa."

Nilicheka. Mgonjwa wa kitanda cha pili alinigeukia akidhani nimepata habari njema.

Anasema ni dada. Dada alimlilia, dada alimwambia ukimwacha mkeo anywe hizo nitaondoka na hutaniona tena, dada ndiye mama yake, angefanya nini? Anasema alidhani ugonjwa wenyewe ungejiondokea, si ni mkojo tu. Alinishika mkono. Nikauangalia mkono ule. Ulikuwa unanifuata mpaka kibandani, watu wakinionea wivu.

Nimemwambia aende. Machungwa kayaacha.

Kwa hiyo ni wifi. Alikuwa ananikanda miguu na kuimba huku anajua!

Ijumaa, 15 Machi

Amezaliwa. Msichana. Kabla ya wakati wake, mdogo kama mkate wa donge la mwisho — Mungu wangu, hata mfano sipati mwingine.

Uchungu ulikataa kuzuiwa. Walinipa sindano za kumkomaza mapafu, tukasubiri, akakataa kusubiri. Alilia! Kidogo, kama mlango usiotiwa mafuta, lakini alilia. Muuguzi kasema kilio hicho ni pesa taslimu.

Yuko kwenye chumba cha joto. Nimemwita Kinda mpaka atakapopata jina. Jina alichagua baba yake. Sijui kama bado nalitaka.

Jumapili, 17 Machi

Kinda yuko kifuani mwangu, ngozi kwa ngozi, wameniambia nimfunge hivi kutwa. Mimi ndiyo mashine yake. Nakamua maziwa, anapewa kwa kikombe kidogo kuliko kifuniko cha chupa. Maziwa ya kwanza ya njano. Yanatoka kwa matone, na kila tone tunaliangalia kama sinema.

Bado nadungwa sindano ileile. Nikamwuliza muuguzi wa zamu — mama mnene, mcheshi, anaita watoto wote "bosi" — je, haiingii kwenye maziwa? Kasema inaingia, kidogo sana, na hii haina neno kwa bosi. Niangalie tu asiharishe kupita kawaida, asitoke vipele wala utando mweupe mdomoni. Nikiona chochote niseme. "Ila usije ukamnyima maziwa kwa ajili ya dawa bila kutuuliza. Wako wanaofanya hivyo, maziwa yanakauka bure." Na zipo dawa ambazo kweli si nzuri kwa anayenyonyesha, ndiyo maana kila siku niseme mapema kwamba nanyonyesha, hata kama ni jino tu linaniuma.

Wifi kaja mchana na kopo la maziwa ya unga. Nilikuwa namsubiri. Siku mbili nilikuwa nanoa ulimi.

Akasema maziwa yangu yana dawa, tumpe haya mpaka nimalize. Nikamwambia, "Bora useme kwa mdomo kuliko kujaza unga."

Akasema, unga gani?

Nikamweleza, bila kupandisha sauti kwa sababu ya Kinda. Kwamba tulipokuwa tunagombana yeye aliamua kumtuma ndugu yake. Kwamba angenizika. Wifi alisimama na kopo mkononi, uso ukawa kama ukuta uliobanduliwa picha.

Halafu akakaa chini, sakafuni, mtu mzima yule na magoti yake mabovu.

Akasema: "Mimi nilimwambia akushauri uache. Ndiyo. Nilimwambia nitaondoka, ndiyo. Asubuhi yake akaniambia, dada, tulia, amekubali, ameacha kabisa, nampa vitamini tu. Nikamshukuru Mungu. Nikakukanda miguu kwa furaha kwamba umenisikia."

Nikamwambia ulinisikia kwa daktari nikisema nimemeza zote. Akasema hakusikia, angesikia angeuliza palepale wodini, mimi namjua yeye ni mtu wa kunyamaza? Hapana. Si mtu wa kunyamaza.

Kwa hiyo!

Kwangu: meza, mke wangu, unatibiwa. Kwa dada: tulia, dada, ameacha. Nyumba ikatulia. Watu wawili tukalala usingizi mzuri kila mmoja na uongo wake, na yeye katikati, mpenzi wa wote. Na nilipomkamata akamtupia dada yake lawama, aliyemvalisha viatu.

Wifi analia kwa sauti ndogo. Kasema, "Ningekushinda kwa maneno au ungenishinda. Hivyo ndivyo watu wanavyofanya." Halafu akauliza kama anaweza kumgusa mtoto. Nikasita. Nikamwachia kidole kimoja cha mguu.

Kopo kaondoka nalo.

Jumanne, 19 Machi

Kinda kanyonya mwenyewe! Kidogo, akachoka, akalala na chuchu mdomoni kama mlevi na chupa. Haharishi, hana vipele. Mdomo mwekundu, safi. Namchungulia kila saa mpaka muuguzi kasema nimwache bosi apumzike.

Nimemaliza sindano. Sasa nimeandikiwa vidonge, muuguzi ananipa zamu kwa zamu. Leo nilikifungua cha kwanza mbele yake nikaonja. Kichungu kweli kweli! Kanikodolea macho. Nikasema ni tabia tu ya ufundi. Machozi yakanitoka kwa ule uchungu. Sikujua kama dawa ikiwa chungu inafariji hivi.

Mume wangu huja kila siku, hukaa kwenye kiti. Leo kasema, "Nilikuwa naogopa kuwapoteza." Nikauliza, nani? Akasema, nyote. Namwamini. Hilo ndilo linalouma. Angekuwa mtu mbaya ningekuwa nimeshafungasha. Alitaka tu asinuniwe na mtu.

Kwa hilo tu!

Alhamisi, 21 Machi

Tunaruhusiwa leo. Naandika haraka, kalamu ya muuguzi, Kinda kifuani.

Daktari kapita na kadi yangu. Kafurahi na uzito wa mtoto. Halafu kasema, "Nitaandika hapa kwamba ile dawa ya mwanzo haikufaa. Ukiugua tena wasikupe hiyo, waruke wakupe nyingine." Hakuandika, aliitwa kitanda cha mwisho. Kasema anarudi sasa hivi.

Mume wangu kaninong'oneza, mwache aandike tu. Inadhuru nini?

Nikamwambia inadhuru. Dawa haina kosa. Haijawahi hata kufika tumboni mwangu! Siku nikiugua tena, nanyonyesha au nina mimba nyingine, watairuka ile iliyo salama kwa sababu ya unga wako. Na kila daktari atakayesoma kadi hii atasoma uongo wako, kwa mwandiko wake, na jina langu juu. Mwambie ukweli.

Akasema, mbele ya watu? Nikasema mbele ya watu. Kwa mdomo wako, si wangu. Ukisema, tutaona huko mbele, siahidi kitu. Usiposema nasema mimi, na nikisema mimi, nyumba ile sirudi. Nitakwenda kwa mama na mtoto wangu.

Wifi kasimama karibu na mlango na begi letu. Amesikia yote. Mume wangu akamgeukia, kama zamani, kama mtoto aliyeanguka. Wifi akasema, "Usinitazame mimi." Basi.

Koti jeupe linakuja, linasimamishwa na kila kitanda. Kinda anatafuta ziwa. Mume wangu kasimama, kajipangusa viganja kwenye suruali ingawa havina kitu. Daktari kafika. Kafungua kadi. Anauliza, haya, tulikuwa wapi?

Mume wangu kafungua mdomo. Kamtazama dada yake, kanitazama mimi, kamtazama daktari — bado anatafuta neno litakalotufurahisha sote —